Maswali yenu: "Kujibu imeili ya mistari miwili nashindwa, ni uvivu?"

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 23, ndo mwaka wangu wa kwanza kazini. Kama miezi miwili hivi sijielewi kabisa. Asubuhi mwili mzito, nakaa ukingoni mwa kitanda soksi moja mguuni nyingine mkononi, nakuja kushtuka nusu saa imeshapita. Kuna imeili ya bosi ina mistari miwili tu, naifungua naisoma naifunga, kesho yake hivyo hivyo, sasa hivi hata kuifungua naogopa. Nguo niliziloweka mpaka zikanuka nikabadilisha maji nikaziacha tena. Marafiki wakipiga naitazama simu mpaka ikate yenyewe. Usingizi unakuja saa nane usiku. Nyumbani wanasema nimekuwa mvivu na simu ndo inaniharibu, na mi nimeanza kuamini maana zamani sikuwa hivi. Ni uvivu kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mvivu akiikwepa kazi anaenda kulala zake vizuri au anatafuta starehe. We kazi hufanyi, usingizi hupati, starehe yenyewe imekushinda, na bado kutwa nzima unajisema. Huo uvivu gani?

Siwezi kukupima kwa barua, ila uliyoandika yanafanana sana na sonona, ule ugonjwa wa kushuka moyo (depression). Wataalamu wanaangalia dalili kama hamu ya mambo kuisha, usingizi kuvurugika, uchovu, akili kutotulia na kujiona hufai, zikikaa wiki 2 au zaidi karibu kila siku. Halafu kuna kipengele watu wanakiruka: lazima ziwe zinakuumiza sana au zimevuruga maisha yako ya kila siku. Kuna fomu inatumika sana inaitwa PHQ-9, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja lina maksi, na mwishoni kuna swali la ziada ambalo halina maksi, linauliza shida hizi zimekupa ugumu kiasi gani kufanya kazi, kushughulikia mambo ya nyumbani na kuelewana na watu. Mi hilo lisilo na maksi ndo naliona lina uzito kuliko yote, na barua yako nzima ni jibu la swali hilo.

Sasa hiyo imeili. Unaiona mistari miwili ila ndani yake kuna kazi kibao: kusoma, kushika kichwani ulichosoma, kuchagua cha kusema, kuwaza bosi atakichukuliaje, halafu kubonyeza tuma. Sonona inapunguza umakini, kumbukumbu ya muda mfupi na uwezo wa kuamua, yaani inagusa karibu kila hatua hapo. Na ukiifunga unapata nafuu kidogo, si ndiyo? Basi akili inajifunza kwamba kufunga kunaleta nafuu, kesho inakusukuma ufunge mapema zaidi, keshokutwa unaogopa hata kuona jina la bosi. Simu za marafiki nazo ni mchezo ule ule, na kadiri unavyokwepa ndo siku inabaki haina hata kitu kimoja cha kukupa moyo, hali inazidi kushuka, usiku unalala macho unahesabu ulivyoshindwa, asubuhi soksi mkononi.

Kwa hiyo usisubiri hamu irudi ndo uanze, kwenye sonona mara nyingi kitendo kinatangulia na hamu inafuata nyuma, tena kwa kuchelewa. Mwaka 1996 mtafiti Neil Jacobson na wenzake walilinganisha tiba kamili ya kubadilisha fikra na kile kipande chake kimoja tu cha kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli kidogo kidogo, matokeo hayakutofautiana. Bosi mwandikie hivi: "Nimeipata, nitakujibu kamili Alhamisi." Basi, usiongeze kitu. Kwenye zile nguo fua shati moja, zilizobaki zisikusumbue leo. Rafiki mmoja mtumie meseji ya sauti umwambie hauko vizuri na hujamkasirikia. Na uamke saa ile ile kila siku hata kama ulilala alfajiri, najua hapo utanichukia.

Lakini miezi miwili ni mingi, nenda kwa daktari. Mwambie akupime na damu na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, maana upungufu wa damu au tezi kufanya kazi taratibu vinaweza kuleta uchovu wa namna hiyo. Kama ni sonona kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa. Dawa mara nyingi zinachukua wiki 2 mpaka 4 kabla hujaona tofauti, na hapo katikati ndo wengi wanaziacha, usiache bila kuongea naye. Na kama yanakujia mawazo ya kufa au kujidhuru, hilo ni la leo leo, mwambie mtu akae na wewe na uende hospitali. Nyumbani wasomee barua hii kama wewe kuelezea kunakushinda.

SWALI: Dada, mi nina miaka 27 na kazini niko vizuri tu, wananisifia hadi nimepandishwa cheo. Ila kabla ya kikao moyo unaenda mbio najifungia chooni nihemee huko, ripoti moja naikagua mara tano mpaka usiku wa manane, Jumamosi nalala kutwa sili sioni mtu. Si bado niko sawa, maana kazi inaenda?

JIBU: Hapana, haupo sawa. Kazi mara nyingi ndo inakuwa ya mwisho kuanguka, kwa sababu ina mshahara na ina macho ya watu, vinavyotangulia ni chakula, marafiki na Jumamosi. Shirika la Afya Duniani lina kipimo kinaitwa WHODAS 2.0, kinauliza siku 30 zilizopita kwenye maeneo 6 ya maisha, na kazi ni kipande tu cha eneo moja. Tena hakiulizi ulifanya au hukufanya, kinauliza ulipata ugumu kiasi gani, na kutumia nguvu nyingi kuliko kawaida au kwenda taratibu vyote vinahesabika ni ugumu. Ripoti ya kukaguliwa mara tano ipo humo.

Ukienda kumuona mtaalamu usiseme "nachoka choka tu", maana utaingia umependeza, unaongea vizuri, atakuamini na atakuruhusu urudi nyumbani. Mwambie habari ya chooni na ya Jumamosi kama ulivyoniandikia mimi.