Mnada wa tarehe 11 kuonekana tarehe 10

Kaka wa Masasi, umeuliza kwa nini mnada wa korosho uliouandika tarehe 11 Oktoba unaonekana tarehe 10 kwenye tovuti yako. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, inahesabu kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), nasi tuko saa tatu mbele: saa sita usiku ya Masasi, kule bado ni 21:00 ya jana yake. Tarehe isiyo na saa ihifadhi kama maandishi tu, 2025-10-11. Yenye saa ihifadhi kwa UTC, kisha ionyeshe kwa kanda ya saa ya Africa/Dar_es_Salaam. Usijumlishe 3 kwa mkono. Maana mnunuzi wa India yuko saa +5:30 mbele ya UTC, wa Vietnam +7.

Ila linaloniuma zaidi ni hili. Kuweka sw-TZ (mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania kwenye programu) hakukuletei saa zetu za Kiswahili. Mnada wa saa nne asubuhi utatoka 10:00, na mkulima akiisoma "saa kumi" atafika jioni, korosho zimeshauzwa bila yeye kuwepo. Andika programu ipunguze saa 6 kwenye 10:00, isomeke "saa 4 asubuhi", na 10:00 ikae pembeni kwa wageni. Mwezi nao uandike kwa jina, maana 11/10 Mmarekani anaisoma Novemba 10.