Windows 11 imeikataa kompyuta yangu: nipige Linux?

SWALI

Mbukwa, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mpwapwa. Nina HP EliteBook 840 G2 niliyoinunua mtumba Dodoma mjini: Core i5, RAM GB 4, diski ya GB 500. Ina Windows 10, na siku hizi nikiiwasha naweza kunywa chai nikamaliza kikombe kabla haijatulia. Fundi wa huku ameniambia Windows 11 haiingii, nitafute nyingine. Kijana wangu aliye chuoni anasema tupige Linux. Inafaa kwa mtu wa kazi zangu? Mitihani niliyotunga tangu 2016 yote imo humo, pamoja na faili la Excel la matokeo. Nikivipoteza hivyo nimekwisha. Na bando langu ni la kuungaunga.

JIBU

Mbukwa, mwalimu. Usinunue kompyuta nyingine. Hiyo uliyonayo bado ni mashine ya kazi, na kijana wako amekushauri vizuri. Ninachokuomba ni kwamba mtu yeyote, awe fundi, awe kijana wako, awe mimi, asiiguse hiyo diski kabla mambo mawili hayajafanyika: mitihani yako iwe imekaa mahali pengine nje ya hiyo kompyuta, na wewe mwenyewe uwe umeiona Linux ikifanya kazi zako kutoka kwenye flashi.

Fundi wako hakukudanganya kuhusu Windows 11. Microsoft wanataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, yako ni kizazi cha 5. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haitazimika, itaendelea kuwaka, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa baada ya hapo hayazibwi tena, labda kwa aliyejiandikisha kwenye huduma ya nyongeza ya muda mfupi. Kwa mwalimu anayechomeka flashi ya steshenari asubuhi na ya mwanafunzi jioni, hilo si jambo la kuliacha.

Linux ilianza mwaka 1991, Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Ni mfumo endeshi huria: msimbo wake uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuutumia, kuunakili na kumpa mwenzako bila kumwibia mtu. Kwa hali ya bando lako hili lina maana kubwa. Huna haja ya kupakua chochote kama kijana wako au mwenzake chuoni tayari analo faili. Anakunakilia kwenye flashi, na kugawiana huko ni halali kabisa. Tena si mambo mageni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. LibreOffice, ambayo utaitumia badala ya Word na Excel, ni ya ukoo huohuo wa OpenOffice.

Linux zipo nyingi. Mimi kwa mashine kama yako naweka Linux Mint, ile yenye sura ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Menyu iko kona ya chini kushoto kama ulivyozoea, saa iko kulia, na watu ninaowapigia hawaulizi sana baada ya siku ya tatu. Matoleo ya 22 yamejengwa juu ya Ubuntu 24.04, ambayo ni Linux nyingine, na yanahudumiwa hadi 2029. GB 4 za RAM zinatosha kutunga mtihani na kufungua kurasa chache za intaneti. Ukifungua kurasa kumi na tano kwa pamoja itachoka, kama ingekuwa Windows vilevile.

Kuhusu ule wepesi unaoutafuta, niseme wazi: Linux peke yake haitakupa wote. Anayekunywesha chai ni diski. Ile ya kuzunguka, ya mtindo wa zamani, ndiyo inayoburuta karibu kila mashine ya umri huo inayofika mezani kwangu. Kama una fedha ya kifaa kimoja tu, nunua SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 240. Ya pili iwe RAM: mashine yako inachukua DDR3L, yenye volti 1.35, kwa hiyo usikubali kuuziwa DDR4 maana haiingii kwenye tundu lake. Na wakati kompyuta iko wazi, mwambie fundi asafishe feni. Kiangazi cha huku kwetu kinapeleka vumbi ndani mpaka linajishona. Mara nyingi nikifungua mashine ya Dodoma nakuta kati ya feni na mapezi ya kupoozea pamejipanga utando mwekundu, mzito kama kipande cha blanketi, unaoweza kuushika kwa kibano ukautoa mzima. Kompyuta iliyozibwa hivyo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo hata upige mfumo gani haitakwenda.

Hiyo SSD ina faida nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa. Diski ya zamani unaichomoa ikiwa na Windows na mitihani yako yote, bila kufutwa hata faili moja, unaiweka kabatini. Linux inaingia kwenye diski mpya iliyo tupu. Mambo yakigoma, unarudisha ya zamani na Jumatatu unaingia darasani kama kawaida. Kwa mtu mwenye kazi za miaka mingi kama wewe, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.

Lakini hata hivyo nakili kwanza, kwa sababu diski ya umri huo inaweza kufa ikiwa kabatini. Nakueleza kwa nini ninalisisitiza hili. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alinijia mwanafunzi wa shahada, alikuwa amezunguka vijiji vya Chamwino kukusanya data za utafiti wake. Nikamuuliza, umehifadhi kazi zako? Akajibu, ndiyo, zote nimezihamishia D. Nikaridhika, nikaendelea, nikachagua kufuta diski nzima. Kumbe D aliyoisema ilikuwa sehemu tu ya diski ileile, imegawanywa kama chumba kinavyogawanywa kwa pazia. Alidhani ni chombo kingine. Tulikaa siku mbili na programu za kufufua mafaili; picha zilirudi nyingi, madodoso hayakurudi. Uso wake ninaukumbuka hadi leo, na kosa lilikuwa langu, si lake. Tangu siku hiyo siulizi tena. Namwambia mwenye kompyuta, nionyeshe: chomeka flashi yako kwenye kompyuta nyingine, fungua faili tatu mbele yangu. Nawe fanya hivyohivyo kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu. D si hifadhi, mwalimu. Hifadhi ni kitu unachoweza kukichomoa ukakitia mfukoni.

Sasa flashi ya Linux. Tafuta ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa yote. Faili la Mint lina ukubwa wa karibu GB 3. Likipakuliwa kwa bando linalokatikakatika linaweza kufika likiwa na kasoro, na kasoro hiyo huioni hadi katikati ya kazi. Kwa hiyo lipime. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda lilipo, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Zitatoka herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zile zilizowekwa kwenye tovuti ya Linux Mint. Hata moja ikitofautiana, faili hilo liache. Fanya hivyo hata kwa lile utakalonakiliwa na kijana wako. Baada ya hapo programu ya Rufus italiandika kwenye flashi kwa dakika chache.

Chomeka flashi, washa kompyuta huku ukibonyezabonyeza Esc, halafu F9, uchague flashi. Mint itafunguka yenyewe bila kugusa diski. Itakuwa nzito kidogo, usiihukumu kwa hilo, flashi ndivyo ilivyo. Hapo kaa nayo jioni nzima. Unganisha Wi-Fi: yenye chipu ya Intel kwa kawaida haisumbui, ya Broadcom huhitaji draiva, yaani programu ya kuiendesha, na wakati wa kuitafuta unaweza kuunganisha simu kwa waya wa USB ukatumia intaneti yake. Cheza sauti. Punguza mwanga wa skrini. Chomeka printa unayoitumia. Za HP nyingi zinakubali zenyewe, ila Canon LBP za zamani zinasumbua, na kama shule yenu ina hiyo ni bora ujue mapema. Kisomaji cha alama ya kidole usikitegemee.

Halafu fungua mtihani wako mmoja wenye majedwali na milinganyo, sio barua fupi. LibreOffice inasoma faili za Word, lakini huenda ukaona mstari umeruka ukurasa au jedwali limesogea. Kwa kazi unayopeleka steshenari kuchapwa, hifadhi kwa PDF, itatoka vilevile ulivyoiona. Kinachonitia shaka zaidi ni lile faili la matokeo. Kama lina fomula za kawaida za wastani na nafasi, litafanya kazi. Kama lilitengenezwa na mtu aliyetia makro, yaani vitufe vinavyojipangia madaraja ukivibonyeza, kuna uwezekano mkubwa visifanye kazi. Ukiona hivyo, na faili hilo ndilo linalotumiwa na shule nzima, usiondoe Windows. Ziweke zote mbili.

Kuweka zote mbili kwenye diski moja kunawezekana, na ndiyo njia ya asiye na fedha ya SSD sasa hivi, ila kuna mahali pa kuwa makini. Kupunguza sehemu ya Windows kufanye ukiwa ndani ya Windows yenyewe: andika diskmgmt.msc, bonyeza C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uipunguze, uache kama GB 60 wazi. Angalia pia kama BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski kwa ufunguo wa siri, imewashwa. Ikiwa imewashwa, hifadhi ufunguo wake kwenye karatasi kisha izime kabla hujaanza. Baadaye fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi uandike powercfg /h off, kwa maana Windows ina tabia ya kulala nusu badala ya kuzimika ili iwake haraka, na ikilala hivyo Linux itakuruhusu kusoma mafaili yako ila si kuyabadili. Na umeme. Ukikatika wakati mafaili ya Linux yananakiliwa, unaanza upya, basi. Ukikatika wakati diski inapunguzwa, hapo unaweza kupoteza vitu. Betri ijae, chaji iwe imechomekwa, na kama betri yako imekufa, azima nyingine.

Kupiga kwenyewe ni nusu saa hivi, maswali yake ni lugha, kibodi, saa za eneo, jina na nywila. Kwenye ukurasa unaouliza kama ifutwe diski nzima au Linux ikae pembeni ya Windows, toa mkono kwenye kipanya, usome mara mbili jina na ukubwa wa diski iliyoandikwa. Flashi nayo huonekana hapo kama diski. Masasisho ya kwanza yanakula bando, yafanye ukiwa na intaneti ya chuo cha kijana wako.

Ukiwa na mifumo yote miwili utaona saa ya Windows inapishana kwa saa 3 kila unapotoka Linux. Hakuna kilichoharibika, Linux huhesabu saa ya ndani ya kompyuta kuwa ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huihesabu kuwa ni ya Afrika Mashariki. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye Linux na zitapatana.

Wi-Fi ikikataa siku ya kujaribu, fungua dirisha la amri la Mint, andika lspci, unipigie picha ya mstari uliotaja mtandao pasiwaya. Nikiuona huo nitakwambia draiva yake ipi, kabla hujagusa diski.