Jiko la makaa ya mawe kuzimika usiku

Pole, ndugu. Unajaza jiko jioni, alfajiri unakuta limezimika: nadhani unalilisha kama la kuni. Makaa ya mawe hutaka hewa ya kutoka chini, kupitia wavu. Washa kwa kuni kavu, ongeza makaa kidogo kidogo, kisha jaza mpaka ukingo wa matofali ya ndani ya jiko. Tabaka jembamba halishiki. Ukiona ndimi za buluu zikicheza juu, punguza hewa. Usichokoe kutoka juu. Asubuhi na jioni tikisa wavu mpaka vipande vyekundu vianze kudondoka, kisha mwaga majivu.

Ila nakusihi, usizibe kabisa bomba la moshi. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa yanayowaka, haina harufu, na huua watu usingizini. Weka king'ora chake karibu na chumba cha kulala. Kikilia, au vichwa vikiwauma, tokeni nje wote mara moja, na jiko lisiwashwe tena kabla fundi hajakagua dohani.