Mkopo wa Halmashauri Hauhitaji Barua ya Mume

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tandika aliniandikia kwamba ombi la kikundi chao cha mama lishe limekwama ofisini kwa sababu baadhi ya wanachama hawakuleta barua za waume zao. Ujumbe huo ulinikuta tukisherehekea kumaliza marejesho ya mkopo wa kikundi chetu cha ushonaji, nami nikakumbuka nilivyoulizwa na ofisa wa umma, mbele ya foleni nzima, "Kwani baba amekuruhusu?"

Sikuwa na mume wa kumwomba ruhusa, na hata ningekuwa naye nisingemwomba kwa jambo hilo. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nilimwomba ofisa yule anioneshe kanuni inayodai ruhusa ya mume, au aliandike sharti lake kwenye karatasi, alitie saini na kuligonga mhuri. Hakuandika, na fomu zetu zilipokelewa siku ileile. Najivunia siku hiyo kuliko fedha zenyewe, ambazo zilichelewa, kwani mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata.

Aliyeniuliza swali lile alikuwa mwanamke mwenzangu, ndiyo maana siridhiki ninaposikia kwamba dawa ni kuongeza wanawake ofisini. Waongezwe, lakini masharti yote yabandikwe ukutani katika kila ofisi ya kata, pamoja na muda wa kujibiwa, ili anayetuhudumia asipate nafasi ya kutunga ya kwake. Ombi likikataliwa, sababu iandikwe. Tena huduma hiyo imalizikie katani, kwa maana mama anayefunga genge kutwa nzima ili aende manispaa, kisha akaambiwa arudi kesho, amekwisha kulipa riba ambayo sheria imeifuta.

Nasi wanawake tuache kwenda mikono mitupu. Katiba ya kikundi, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki viwe tayari kabla hujamwona ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na kila unachowasilisha ubaki na nakala yake. Nakala, dada zangu, nakala!

Wewe wa Tandika, usitafute barua yoyote. Andikeni kwa mkurugenzi wa manispaa, mkitaja kifungu hicho na sharti mlilopewa, nakala mpeleke kwa diwani wenu, na msitoke masjala kabla nakala yenu haijagongwa mhuri wa kupokelewa.