Monstera kugeuka njano: hayo maji yamezidi

Pole dada, ila hapo uliposema monstera yako, huo mmea wa ndani wa majani makubwa yenye matundu, unaimwagilia kila asubuhi, majani ya chini yanageuka njano na udongo umeanza kunuka, mi naona jibu umeshalitoa mwenyewe, maji yamezidi. Monstera kwao ni misitu ya Meksiko kushuka mpaka Panama, kule inapanda kwenye miti, mizizi inataka hewa sio kukaa kwenye tope. Chomeka kidole kama sentimita 5 hivi, ukikuta bado kuna unyevu achana nayo hata wiki ipite.

Kwa sasa itoe uangalie mizizi, ile ya brauni iliyolegea kata yote, myeupe iache, panda upya kwenye udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi au mkaa uliopondwa, na hiyo ndoo ya rangi uliyopandia itoboe chini jamani! Yangu ya kwanza niliiua hivyohivyo, kwa mapenzi tu.

Iweke karibu na dirisha ila jua la mchana lisiipige. Na ulivyouliza mbona majani yake hayajatoboka matundu, ni bado machanga au mwanga mdogo. Halafu kama una mtoto anatambaa iweke juu, utomvu wake unawasha mdomo vibaya sana.