Fainali ya SEC pale Atlanta: maswali yenu na majibu yangu

Tangu nilipogusia ile mechi ya Desemba hapa Atlanta meseji zimekuwa nyingi, naongelea fainali ya konferensi ya SEC, futiboli ya vyuo, ile ya mpira wenye umbo la yai sio soka. Leo nimekaa nijibu kadhaa. Naishi huku miaka mingi sasa na hii mechi naipenda kwa moyo wote, kwa hiyo mkiona jibu limekuwa refu mnivumilie.

Kaka, konferensi ndo nini? Ni ligi kuu au ni kanda? (Msomaji, Mwanza)

Ni ligi, ila ya vyuo vyenyewe, na ilianza kwa ujirani. SEC ni ya vyuo vya kusini mashariki mwa Marekani, kina Alabama, Georgia, Florida, Tennessee, Auburn na wengine, afu 2024 wakaingia Texas na Oklahoma wakawa 16. Wanacheza msimu wote, wawili wanaomaliza juu kwenye msimamo wanakutana Jumamosi ya kwanza ya Desemba kwenye uwanja wa Mercedes-Benz, huohuo uliopangiwa mechi za Kombe la Dunia 2026. Anayeshinda ni bingwa wa konferensi, sio wa nchi. Konferensi nyingine nazo zina fainali zao, Big Ten wanacheza Indianapolis, ACC wanacheza Charlotte.

Ilianza lini na nani aliileta? (Msomaji, Tanga)

1992. Kulikuwa na kanuni ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwamba konferensi ikiwa na timu 12 na ikajigawa makundi mawili inaruhusiwa kucheza mechi moja ya ziada ya kutafuta bingwa. Roy Kramer, aliyekuwa kamishna wa SEC, akaitumia, Arkansas na South Carolina wakaingizwa ikatimia 12. Makocha wengi hawakufurahi kabisa, waliona timu nzuri itajikuta inapoteza ubingwa wa nchi kwa mechi ambayo haikuhitajika. Na ya kwanza kabisa, kule Birmingham, ilitaka kuwa hivyohivyo! Alabama hawajafungwa msimu mzima, wako sare 21-21 na Florida zimebaki kama dakika tatu, ndo Antonio Langham wa Alabama akaunasa mpira wa kwotabeki wa Florida, yaani yule mchezaji anayerusha mipira, akakimbia nao mpaka ndani ya eneo la kufunga. 28-21. Mwezi uliofuata Alabama wakawa mabingwa wa nchi. Ingekuwa kinyume sidhani kama mechi hii ingeishi. Mechi ilihamia Atlanta 1994.

Niliwahi kuangalia nikachoka, wanasimama kila saa. Nifuatilie nini? (Dada wa Nakuru)

Dada yangu, wengi tulianzia hapo. Fuata kitu kimoja tu: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi. Wakifika wanapewa mengine manne, wakishindwa mpira unaenda kwa wenzao. Kwenye tivii kuna mstari wa njano, ule ndo wanapotakiwa kufika, we angalia huo mstari tu. Kuingia na mpira mwisho kabisa ni tachidauni, pointi 6, wakiupiga baadae katikati ya nguzo wanaongeza 1. Wakiona hawafiki wanaweza kupiga wakiwa mbali wapate 3. Na kile kusimama kila saa sio kupumzika, pale wanapanga, kila mtu kati ya wale 11 ana kazi yake kwenye lile jaribio, ukishalijua hilo utaanza kuona raha.

Nipe mechi moja tu niitafute. (Msomaji, Dar)

Desemba 1, 2018, Alabama na Georgia. Lakini ili ikuingie vizuri lazima uanze na Januari ya mwaka huohuo.

Januari hiyo timu hizohizo mbili zilikutana uwanja huohuo kwenye fainali ya nchi. Kwotabeki wa Alabama alikuwa Jalen Hurts, kijana aliyekuwa ameshinda karibu kila mechi aliyoanza. Siku ile mambo yakagoma, mapumziko kocha Nick Saban akamtoa akamuingiza Tua Tagovailoa, mwaka wa kwanza chuoni, na Tua akashinda mechi kwenye muda wa nyongeza. Hurts alikuwa pembeni anashangilia. Msimu uliofuata Tua ndo namba moja, Hurts benchi, na watu wengi wakasema ataondoka akatafute chuo kingine. Hakuondoka.

Sasa Desemba. Mi nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu, mzee wa hapahapa Georgia, timu yake anaipenda kama mtu wa Msimbazi anavyoipenda Simba. Georgia wakaongoza 28-14. Mzee hakai, anazunguka na sahani ya mabawa ya kuku mkononi hajala hata moja. Alabama wakarudisha ikawa 28-21, afu robo ya mwisho Tua akaumia kifundo cha mguu. Anainuka nani benchi? Hurts. Mzee akaacha kuzunguka, akasema taratibu, "Huyu mtoto, hapa hapa," akaweka sahani chini.

Hurts akasawazisha kwa pasi ya tachidauni. Zimebaki dakika tatu, Georgia wako katikati ya uwanja, jaribio la nne, wakajifanya wanaupiga mpira mbali kuwaachia Alabama, kumbe wanataka kusonga nao, wakakamatwa. Ikiwa imebaki dakika moja na sekunde chache Hurts akaushika mwenyewe akakimbia yadi 15 mpaka ndani, 35-28, mechi imeisha. Saban alipohojiwa sauti ilikuwa inamkatika. Na yule mzee ambaye timu yake imefungwa tena na watu walewale, alikuwa anapiga makofi huku machozi yanamtoka. Mi sijawahi kuisahau ile. Hurts huyohuyo Februari 2025 akachukua Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, na timu ya Philadelphia Eagles, akawa mchezaji bora wa mechi.

Hao si wanafunzi? Wanalipwa au ni kama UMISSETA? (Mwalimu, Dodoma)

Shikamoo mwalimu. Ni wanafunzi kweli, na miaka mingi walikuwa wanapata ada, chakula na malazi basi, huku uwanja umejaa watu 70,000 na zaidi na tivii zinalipa mamilioni. Hilo lilikuwa linaniuma. Julai 2021 wakaruhusiwa kuingiza pesa kwa jina na sura zao, matangazo na kadhalika, na 2025 vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa, kikomo kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka, michezo yote pamoja. Naona ni haki yao kabisa, maana goti likivunjika ni la kijana.

Inachezwa saa ngapi kwetu?

Kwa kawaida saa kumi jioni ya hapa, kwenu saa sita usiku. Ni mechi ya zaidi ya saa tatu, pika chai kabisa.

Nasikia siku hizi haina maana tena kwa sababu ya mtoano wa timu 12? (Msomaji, Mombasa)

Hoja ipo na siwezi kuikataa. Tangu 2024 timu 12 zinaenda kwenye mtoano wa kutafuta bingwa wa nchi, kwa hiyo hata anayefungwa fainali ya konferensi anaweza kuchukuliwa. 2025 Alabama walipigwa na Georgia 28-7 na wakaingia vilevile. Ndo maana wapo wanaosema tuifute.

Mi nasema waangalie 2024, Georgia na Texas. Wote wawili walikuwa na nafasi nzuri ya kuingia hata wakifungwa. Kwotabeki wa Georgia, Carson Beck, akaumia kiwiko cha mkono wa kurushia kabla ya mapumziko, akaingia Gunner Stockton. Ikaenda muda wa nyongeza, Texas wakapata 3, Georgia wakiwa karibu kufika Stockton akagongwa kofia ikamtoka, na kanuni inasema kofia ikitoka unakaa nje jaribio moja. Ikabidi Beck arudi na mkono uleule ulioumia, hawezi kurusha, kazi yake ni moja tu, amkabidhi mpira Trevor Etienne. Akamkabidhi, Etienne akapita, 22-19.

Msimu wa Beck ukaishia pale, na Georgia bila yeye wakatolewa na Notre Dame mechi yao ya kwanza ya mtoano. Texas waliofungwa wakafika nusu fainali. Kwa hesabu ya kalamu unaweza kusema Georgia walipata hasara. Nenda kamuulize yule mzee jirani yangu kama angekubali kulirudisha lile kombe.