Baba alipaliwa na chai

Ilikuwa chai ya rangi, vuguvugu, sukari kidogo. Nilimnywesha mwenyewe kwa kijiko, na hadi leo nikikumbuka kijiko kile roho inaniuma.

Baba alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Siku ya nne madaktari wakataka kujua kama bonge la damu lilitokea moyoni. Eko ya kawaida, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ile ya kupakwa jeli kifuani, haikuwatosheleza, wakaagiza ile ya kupitia kooni. Mgonjwa humezeshwa mrija unaopinda, wenye kifaa cha mawimbi ya sauti kwenye ncha. Umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hupita nyuma tu ya moyo, hivyo kutokea huko wanaona vizuri vali, yaani milango ya moyo, na kijifuko cha chumba cha juu kushoto ambamo damu hupenda kuganda. Kipimo chenyewe sikilaumu. Ndicho kilichoonyesha tatizo, akabadilishiwa dawa.

Alifunga kula tangu usiku. Akapuliziwa ganzi kooni, akachomwa sindano ya kumlegeza. Aliporudi wodini tukaambiwa, "Baada ya saa mbili anaweza kula." Kwa mtu mwenye koo zima, ushauri huo hauna neno. Lakini Baba alikuwa mgonjwa wa kiharusi, na siku mbili kabla alikuwa ameruhusiwa uji mzito tu, baada ya kujaribiwa kumeza. Baada ya eko hakuna aliyemjaribu tena, nami sikujua kwamba ningeweza kudai. Na chai si uji mzito, hilo nalo nililisahau.

Kijiko cha tatu akapaliwa, akakohoa, tukampigapiga mgongo. Cha nne hakukohoa, nikafurahi. Sauti yake tu ndiyo ilibadilika, ikawa ya majimaji, kama mtu anayeongea na mate kooni. Usiku homa ikapanda, pumzi ikawa ya haraka. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Akawekewa mpira wa puani wa kulishia, akakaa nao siku tisa.

Kijiko kile cha nne ndicho ningependa ukikumbuke. Kiharusi kinaweza kuua hisia za koo, kinywaji kikateremka njia ya hewa bila mgonjwa kukohoa hata kidogo. Katika siku za mwanzo karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi humeza kwa shida. Juu ya hapo weka ganzi, usingizi wa sindano, na koo lililosuguliwa na mrija. Ganzi ikiisha, vile vingine bado vipo. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, waliwachungulia koo wagonjwa wa kiharusi kwa kamera ya kupitia puani, wakakuta shida ya kumeza imezidi baada ya kipimo hiki.

Kwa hiyo usihesabu saa. Mwambie muuguzi: "Naomba ajaribiwe kumeza upya kabla hajapewa chochote." Wataalamu wa kumeza ni wachache kwetu, lakini wauguzi na wafiziotherapia wengi wa wodi za kiharusi wanajua kuanza na kijiko kimoja cha maji huku wakisikiliza sauti. Mgonjwa awe macho kabisa, ameketi wima. Kuegemezwa mto mmoja hakutoshi. Akisinzia katikati, acheni. Akishakula abaki wima nusu saa, kisha msafishe kinywa na uangalie shavu la upande uliolegea, maana tonge hujificha humo na likateleza baadaye. Vidonge ni kesi nyingine: usivisage bila kuuliza, vipo ambavyo havisagwi.

Kabla ya kipimo, mwambieni daktari kama ana meno ya bandia au kama chakula humkwama kifuani. Baada yake, akiumwa sana kifua, akitapika damu au shingo ikivimba, iteni msaada saa hiyohiyo. Hutokea kwa nadra, ila si jambo la kusubiri raundi ya asubuhi.

Halafu kuna wageni. Saa ya kuona wagonjwa shangazi anakuja na juisi ya boksi, jirani na maji ya chupa, na kila mmoja anaona mgonjwa ananyimwa. Ajabu ni kwamba maji, kinywaji ambacho hakuna anayekiogopa, ndiyo magumu kuliko uji, kwa kuwa hukimbia kabla koo halijajifunga. Nilibandika karatasi juu ya kitanda: ASIPEWE KITU MDOMONI, MUULIZE MUUGUZI. Shangazi alinuna siku mbili.

Sasa Baba anakula ugali laini na mlenda. Chai ameruhusiwa, funda dogodogo. Kila akinywa namwambia ahesabu moja mpaka tano nisikie sauti, naye huhesabu hadi tatu kisha ananiuliza kama nimekuwa mwalimu wake wa darasa la kwanza.